Miche Kumi na Mmoja ya Fundi Saa

Ni mimi niliyeing'oa. Kwa miaka sita nilikana. Nilikana kwa mdomo, nikakana kwa kunyamaza, na mara moja nikakana kwa kutikisa kichwa kwa huzuni, njia ambayo ndiyo mbaya kuliko zote. Miche kumi na mmoja iliyopandwa kwenye nyufa za ukuta wa mawe, nje ya nyumba ya jirani yangu fundi saa hapa Gatsata, Kigali, haikuliwa na kuku, haikusombwa na mvua, wala haikuwa mawazo ya mgonjwa. Niliing'oa kwa mkono wangu wa kulia, Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa kila mwisho wa mwezi, mbele ya watu walionisifu kwa bidii yangu.

Nayasema haya mapema ili msomaji asije akanipenda bure. Mimi ni mwanamke mwenye shahada mbili na miwani ya bei ghali, na niliwahi kuandika makala ndefu kuhusu ukweli katika uandishi. Ilisifiwa sana. Niliiandika mwaka uleule.

Lakini habari hii ni ya Fundi. Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Hata padri alimwita Fundi. Tulikuwa majirani kwa miaka kumi na minne, nyumba yake juu, yangu chini, kati yetu ngazi za zege na ule ukuta unaozuia udongo wa kilima usituangukie. Tulizungumza Kiswahili, kwa sababu yeye alikulia Bujumbura na mimi Tanzania, na tulipokutana hapa Kigali tukagundua kwamba Kinyarwanda chetu kilitutosha kwa salamu na misiba, ila kwa ubishi tulihitaji kitu kingine. Kiswahili chake kilikuwa cha kule, kila kitu "iko", na Kifaransa kimepenyezwa katikati kama kabari. Aliniita Profesa. Nilimwambia mara nyingi kwamba mimi si profesa.

"Utakuwa," alijibu. "Saa iko inaenda."

Yeye mwenyewe hakuvaa saa. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mtupu siku zote, na alichelewa kila mahali. Kwenye harusi alifika sahani zikikusanywa. Kwenye misa alifika mahubiri yakiwa yamekwisha, na nadhani hilo alilipanga. Kibanda chake kilikuwa Biryogo, kisanduku cha kioo kati ya mafundi cherehani wawili, na mle ndani zilining'inia saa ishirini, kila moja na wakati wake. Mteja akiuliza sasa ni saa ngapi, alitoa kichwa nje akamuuliza fundi cherehani.

Tena alikuwa mwongo wa kazini, kama mafundi wote. "Kesho asubuhi iko tayari," alimwambia kila mtu, na kesho hiyo ilikuwa na wiki tatu. Nilipomlaumu alisema huo si uongo, ni kumtuliza mgonjwa. Lakini ukimuuliza jambo lolote kuhusu mimea, alikwambia ukweli hata kama hukuutaka. Nilimwonyesha waridi langu lililonichukua mwaka mzima kulilea. Akaliangalia.

"Hili linakufa," akasema.

"Lina maua sita, Fundi."

"Voilà. Linaaga."

Hakupenda waridi, wala bugenvilia, wala kitu chochote kinachoota chenyewe ukikitupa chini. Katika mji huu ambao fimbo ya uzio huchipua majani, yeye alichagua maua ya miambani, yale madogo yanayodumu mwaka hata mwaka kwenye mawe ya nchi zenye theluji, na alitaka kuyaotesha kwa mbegu, si kwa vipandikizi. Mbegu alitumiwa na sista mmoja mzee, mteja wake wa zamani aliyerudi kwao milimani Ulaya. Zilikuja ndani ya barua, kwenye vibahasha vilivyokunjwa kwa mkono, chache, nyembamba kama vumbi la tumbaku.

Kumwona akizipanda ilikuwa kama kumwona akifungua saa ya kike. Alibana lenzi jichoni, akashika kibano, akaokota mbegu moja moja na kuilaza juu ya udongo wake maalumu: matofali yaliyosagwa, mchanga wa mto, na mboji kidogo sana. Mbegu nyingine alizifunika kwa changarawe laini. Nyingine hakuzifunika kabisa, kwa kuwa, alisema, hizi zinataka kuona. Hakumwagia maji juu. Trei aliiweka ndani ya beseni la maji, udongo ukanywa kutoka chini kwa kadiri ulivyotaka, kisha akaitoa. Watu wanaomwagilia bustani kila jioni kwa mpira aliwaita wauaji. Mimi nilikuwa mmoja wao.

Upande wa ndani wa ukuta wake, baada ya miaka, ulikuwa na vikengele vya zambarau, matuta madogo ya maua ya pinki yasiyozidi kiganja, na mmea mmoja mnene wenye majani yaliyopangika kama ua la kijani. Ilikuwa bustani ya kutazama kwa kuinama. Wageni wengi waliingia na kutoka bila kujua kwamba ipo. Alipenda hivyo. Kila mmea ulikuwa na kibao chake kilichokatwa kwenye chupa ya maziwa: jina, tarehe ya kupandwa, tarehe ya kuchipua.

Ua alilolitaka kuliko yote lilikuwa jansiani. Ni ua la bluu. Nimejaribu kuielezea bluu hiyo mara kadhaa na kila mara nimeishia kufuta. Yeye aliliona mara moja tu, kwenye picha aliyotumiwa na sista, na picha hiyo aliiweka ndani ya kifuniko cha kisanduku chake cha vipuri. Shida ya jansiani ni kwamba mbegu yake haiamki mpaka iwe imepitia majira ya baridi. Kigali haina majira ya baridi. Mimi nina friji.

Yeye hakuwa nayo; alisema hawezi kulala na kitu kinachonguruma. Kwa hiyo miaka mitatu mfululizo, kwa wiki nane kila mwaka, majira ya baridi ya Fundi yalikaa kwangu, ndani ya kopo la biskuti kati ya siagi na isombe, yaani kisamvu, ya jana. Alikuja kuyakagua kila Jumapili baada ya misa. Aliweka kipimajoto. Alisoma, akakunja uso.

"Profesa, unafungua hii mlango mara nyingi."

"Ni friji, Fundi. Watu hufungua."

"Unakula sana."

Mwaka wa kwanza hakikuchipua kitu. Mwaka wa pili ilichipua miche minne, ikaoza shingoni. Mwaka wa tatu ilichipua kumi na mmoja. Hakumwonyesha mtu. Alikuwa na imani hiyo, kwamba kitu kichanga kikitazamwa sana huharibika. Hata binti yake, Esperance, alionyeshwa watu mtaani akiwa na miezi minne. Mimi mwenyewe nilisikia tu kwamba ipo. Aliikuza kwenye vikombe vya karatasi ya gazeti alivyovikunja mwenyewe, kwa sababu mzizi wa jansiani hautaki kuguswa: ukifika wakati wa kuhamisha, unazika kikombe chote, na gazeti linaozea humo humo.

Akachagua upande wa nje wa ukuta, unaotazama ngazi, kwa kuwa ulipata jua la asubuhi peke yake na maji hayakutuama. Upande huo ulikuwa mtupu siku zote. Na kwa sababu watoto wa shule hung'oa vibao, hakuweka vibao.

Aliipanda Alhamisi jioni. Usiku wake malaria ikamwangusha. Ijumaa Esperance alikuja kutoka kwake Busanza akampeleka hospitali. Jumamosi ilikuwa ya mwisho wa mwezi.

Umuganda huo nilikwenda na jembe jipya. Lazima niseme kwamba mwezi uliotangulia nilikuwa nimekosa, na mwezi wa kabla ya huo nilikuja nimechelewa, nikazungumza zaidi kuliko nilivyolima, na kiongozi wa mtaa akaniambia mbele ya watu kwamba Mama wa vitabu anaweza kutusomea kitu sisi tukilima. Watu walicheka, na mimi pia nilicheka. Kisha nikaenda kununua jembe.

"Pale ukutani kwa Fundi iko majani," kiongozi akasema. "Nani anachukua?"

Nikainua mkono kabla hajamaliza. Ukuta ulikuwa na vijani vidogo, vimesambaa kati ya mawe, na mimi niliyeandika mara mbili kuhusu bustani sikujua kutofautisha mche na gugu. Nikaweka jembe kando, nikang'oa kwa mkono, ili kazi ionekane safi. Vilitoka kirahisi ajabu. Nilipofika wa tano niliona kwamba mizizi imevaa kitu. Nilipofika wa tisa nilikisoma. Ilikuwa karatasi ya gazeti, na herufi zilisomeka: nusu ya tangazo la mechi.

Hapo nilijua. Nilijua, nikang'oa wa kumi, nikang'oa na wa kumi na moja. Kiongozi alikuwa amesimama nyuma yangu anasema, "Tazameni, hivyo ndivyo kazi inavyofanywa," na mimi sikuweza kusimamisha kosa langu mbele ya watu waliokuwa wakilisifu. Nikavitia kwenye gunia pamoja na takataka nyingine. Gunia likaenda.

Fundi alirudi baada ya siku tisa, amekonda, akashuka ngazi kwa kushika ukuta. Nilikuwa langoni kwangu. Alisimama muda mrefu akitazama mawe. Kisha akaniita.

"Profesa. Umuganda ulifanya upande gani?"

"Kule chini, kwenye mfereji."

"Na hapa?"

"Hapa sikufika."

"Hukuona miche? Kumi na mmoja?"

"Sikuona kitu, Fundi."

Akaniamini, hata hakuwauliza waliokuwepo. Laiti angenishuku, ningekuwa na mtu wa kugombana naye. Esperance alitoka nje na kikombe cha uji, akasikia, akamshika baba yake bega. "Papa," akasema kwa upole, "Ijumaa nilipokuja ile trei ilikuwa tupu. Na ulikuwa na homa. Ulikuwa unazungumza na marehemu Mama kana kwamba yupo jikoni. Labda ile miche ilishakufa zamani. Labda ulitaka kuipanda, ukadhani umeipanda."

Fundi alinitazama tena. Nikatikisa kichwa kwa huzuni.

Huo ndio uongo niliousema. Matokeo yake sikuyaona siku hiyo. Yalikuja polepole, na kwa mpangilio, kama kila kitu chake. Kwanza alianza kuandika. Alinunua daftari la shule akaandika humo: nimefunga mlango, nimekunywa dawa, nimezima jiko. Wateja walishangaa kwamba sasa anawahi. Saa zao zilikuwa tayari siku aliyoahidi, kisha siku moja hazikuwa tayari kabisa. Fundi cherehani wa upande wa kulia alinihadithia: Fundi alifungua saa ya mtu, akavitandaza vipande vyake juu ya kitambaa, akakaa akivitazama mpaka adhuhuri, akavikusanya, akamrudishia mwenyewe kwenye bahasha.

Nilimwendea. Nikamuuliza kuna nini.

"Nikiweka gurudumu," akasema, "nitajuaje kama nimeliweka?"

Nilipaswa kusema pale pale. Badala yake nilimpelekea maparachichi. Mwaka uliofuata nikaagiza mbegu za jansiani kwa mtandao, nikampa bila kueleza sababu. Akazipanda kwa adabu tu, zikatoka mchicha. Niliandika pia barua ya kukiri, nzuri sana, kurasa nne. Nilipoisoma nikaona inanihusu mimi kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, nikaichana. Mtu aliyesoma anaweza kuchelewesha sentensi moja kwa miaka mingi, na muda wote akajiona yuko kazini.

Kibanda cha Biryogo alikifunga. Miaka mitatu iliyopita Esperance alimhamishia Busanza, kwake, chumba cha chini, pasipo ngazi. Alifanya hivyo kwa upendo, na sina neno baya juu yake. Alimwandikia dawa kwenye ukuta, akamnunulia simu yenye tarakimu kubwa. Mwenyewe aliniambia, akinisindikiza, "Tantine, mimi naona ilianzia kwenye ile miche. Kabla ya hapo hakuwahi kusahau kitu." Alisema hivyo mara mbili, miaka tofauti. Mara zote mbili nilimpa pole.

Mwaka huu, baada ya mvua kubwa, nilikwenda kumsalimia siku ya kazi. Esperance hakuwepo. Fundi alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, mbele ya rundo la mawe alilolipanga kando ya ukuta wa jiko, na juu ya meza ndogo alikuwa na trei, lenzi, kibano, na bahasha moja ya mwisho ya yule sista, ambaye alikuwa amefariki. Bahasha hiyo aliifungia miaka yote ndani ya chupa ya dawa. Mkono wake haukutetemeka. Nilitazama hilo kwanza.

"Umekuja vizuri," akasema. "Nilikuwa nangoja mtu."

"Unapanda, Fundi?"

"Napanda, kama iko shahidi." Akanisogezea daftari. Kwenye ukurasa safi alikuwa amechora mistari mitatu: tarehe, mbegu ngapi, na sahihi ya aliyeona. "Nitaweka moja, wewe unahesabu. Tukimaliza unaandika jina lako hapo. Halafu hata mimi nikisahau, wewe iko. Wewe nakuamini. Ile wakati nyingine kila mtu alinitafutia maneno mazuri, ni wewe peke yako uliniambia wazi hukuona kitu."

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu tayari. Sijui kwa nini hapo na si kabla. Labda ni kwa sababu mara hii uongo ulidai sahihi, na sahihi yangu ni kitu ninachokijali kupita kiasi.

"Fundi," nikasema, "niliing'oa mimi."

Aliendelea kushika kibano hewani. Nikamwambia yote, vibaya, bila mpangilio: jembe, kiongozi, gunia. Nilitegemea hasira. Nilikuwa nimeiandalia majibu miaka sita.

Akatoa lenzi jichoni. "Ilikuwa na gazeti?"

"Ilikuwa nalo."

"Limeloa au kavu?"

"Limeloa chini. Juu kavu. Nilisoma herufi. Tangazo la mechi, lilikatika katikati."

"Ilikuwa ndani kiasi gani?"

Nikaonyesha kidole, mpaka kwenye kiungo cha pili. Akatazama kidole changu, akaweka chake kando yake, akalinganisha. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Hiyo ndiyo kina," akasema.

Kisha akafunga bahasha, akafunika trei kwa kitambaa, akachukua daftari kutoka mbele yangu na kalamu kutoka mkononi. "Nenda nyumbani, Profesa," akasema. Hakupandisha sauti. Nilijaribu kuomba msamaha. Akainua kiganja, kama anavyomzuia mteja anayetaka kueleza jinsi saa ilivyoanguka. Nikaenda.

Wiki ya kwanza nilimpigia, hakupokea. Ya pili nilimpigia Esperance, akaniambia Papa ni mzima, anakula, amekuwa mkali kidogo, ana nini sijui. Na kwa sauti yake nilijua Fundi hajamwambia. Sikumwambia mimi pia. Nilijidanganya kwamba ni haki yake yeye kusema. Wiki ya tatu nikaanza kuandika makala hii, nikaona inakuja vizuri, nikaiogopa, nikaiacha.

Jumapili ya wiki ya tano simu ililia nikiwa ninapika. Ilikuwa namba yake. Nilisikia kwanza mlio wa mahali wazi, ule wa simu iliyowekwa mezani na spika ikafunguliwa.

"Profesa. Niko na Esperance."

"Habari za leo, Fundi. Esperance, hujambo, habari za..."

"Salamu baadaye," akasema. "Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Ile ya umuganda. Kwa mpangilio."

"Tantine?" Esperance akauliza. "Kuna nini?"

Nikazima jiko. Nikamwambia kwa mpangilio. Nilianza na Jumamosi, nikasema nilisimama wapi, mkono gani, gazeti gani, na nilichomjibu baba yake siku ya tisa. Sikutia sababu. Kila nilipokaribia kutia sababu, Fundi alikohoa. Nilipomaliza, nilisikia kiti kikivutwa kule Busanza, na mtu akiketi.

"Ilikuwa mingapi?" Fundi akauliza.

"Kumi na mmoja."

"Yote niliipanda?"

"Yote uliipanda, Fundi."

"Sema tena."

"Yote kumi na mmoja uliipanda. Kwa kina kile kile."

Nilisikia kiti chake kikigeuzwa.

"Umesikia?" akasema, na hakuwa akisema na mimi.